Tulichonunua na tulichokiacha Guangzhou: tathmini ya huduma ya mitishamba ya Kichina kwa mgonjwa wa saratani ya ovari

Mwaka huu mama yangu mdogo alikuja Guangzhou akiwa na jalada la hospitali mkobani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka yote ambayo amekuwa akija kununua viatu vya kupeleka Kariakoo. Saratani ya ovari aliyotibiwa Dar es Salaam kwa upasuaji na dripu sita za dawa ya saratani ilikuwa imerejea miezi 14 baada ya dripu ya mwisho. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho kwa kawaida hutakiwa kisizidi 35, kilikuwa kimepanda, na picha ya CT ilionyesha vinundu viwili tumboni. Daktari wake alikwisha kumpangia kuanza tena dawa ya kaboplatini, akamruhusu kusafiri kwa wiki mbili kabla ya hapo. Wiki hizo mama mdogo alizitaka kwa jambo moja tu: kuona kama mitishamba ya Kichina, ambayo wenzake wa sokoni walikuwa wakimsifia kwa simu kila siku, ingeweza kumtibu.

Mimi nimesoma katika mji huu na sasa ninafanya kazi hapa ya kusafirisha mizigo, kwa hiyo Kichina ninakimudu, na nilikuwa mkalimani wake kila mahali. Tulikwenda sehemu mbili. Ya kwanza ni duka la jumla na rejareja katika soko la Qingping, na ya pili ni idara ya tiba ya jadi katika hospitali moja ya mjini. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kuipima huduma ya aina hii popote atakapoikuta, iwe Guangzhou, iwe katika kliniki ya Kichina iliyo karibu na nyumbani kwake.

Soko la Qingping liko wilaya ya Liwan, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Huangsha, ng'ambo ya kisiwa cha Shamian. Ukikaribia, harufu inakupokea kabla hujaona kitu: maganda makavu ya machungwa, mdalasini, mizizi iliyokatwa vipande vyembamba, uyoga mkubwa mwekundu wa lingzhi uliopangwa kama vigae, na magunia ya kunazi nyekundu. Kwa mtu anayetafuta viungo vya supu, soko hili ni zuri mno, na nitalirudia kwa ajili hiyo. Maganda ya machungwa kutoka Xinhui, yaitwayo chenpi, tuliyoyanunua hapo yalikuwa ya daraja la juu, na muuzaji alitueleza kwa uaminifu tofauti ya bei kati ya maganda ya miaka mitatu na ya miaka kumi.

Mambo yalibadilika nilipotamka neno saratani. Muuzaji hakuuliza mgonjwa ni nani, ingawa mgonjwa alikuwa amesimama mbele yake akiwa amefunga kilemba juu ya nywele zilizokuwa zimeanza kuota upya. Hakuuliza hatua ya ugonjwa, dawa anazotumia, wala hali ya figo na ini. Alifungua kabati la kioo, akatoa boksi la vidonge vya yuan 1,680 linalotosha mwezi mmoja, akasema kwamba wanawake wengi wenye uvimbe wa ovari wamepona kwa kutumia maboksi matatu na kwamba dripu za hospitali zinaharibu damu bure. Mama mdogo alinishika mkono. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa tayari kutoa fedha za viatu vya msimu mzima.

Niliomba kulisoma boksi, na hapa ndipo penye kitu ambacho ningependa kila Mswahili anayenunua dawa China akijue. Dawa iliyosajiliwa rasmi nchini humo, hata ikiwa ya jadi, huandikwa kwenye boksi maneno ya Kichina yanayosomeka «guoyao zhunzi», yakifuatwa na herufi na tarakimu nane, na herufi ya dawa za jadi ni Z. Bidhaa ya kuongezea lishe hubeba alama nyingine, kofia ndogo ya buluu, nayo hairuhusiwi kudai kwamba inatibu ugonjwa wowote. Boksi lile lilikuwa na kofia ya buluu. Nilipomwonyesha muuzaji, alihamia kwenye hoja nyingine: kwamba mtafiti wa Kichina Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotokana na mitishamba ya Kichina, na kwamba sisi Waafrika tunapaswa kuijua dawa hiyo kuliko watu wote.

Ni kweli tunaijua. Mama mdogo ametibiwa malaria kwa dawa mseto zaidi ya mara moja, na sehemu moja ya dawa hiyo imetokana na mmea wa qinghao, ambao Tu Youyou aliufuata baada ya kusoma maandiko ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Lakini hoja hiyo inamgeuka mwenyewe. Katika mradi wa kitaifa wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza Mei 1967, watafiti walipitia mamia ya mapishi ya kale, na mengi hayakufaa. Hata qinghao yenyewe ilishindwa mpaka Tu Youyou alipoacha kuichemsha akaichuja kwa etha isiyohitaji moto mkali, kisha yeye na wenzake wakaimeza wao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Kilichopewa tuzo ni kiini kilichotolewa, kikapimwa, kikathibitishwa kwa wagonjwa halisi. Vidonge vya kwenye kabati la kioo havikupita hata hatua moja ya safari hiyo. Tuliondoka na maganda ya chenpi peke yake, na mama mdogo hakusema neno hadi tulipofika kituoni.

Siku mbili baadaye tulikwenda hospitali. Kujiandikisha kumwona tabibu bingwa kuligharimu yuan 50, na foleni ilitukalisha karibu saa tatu katika ukumbi usio na viti vya kutosha. Hilo ni kosa kubwa kwa idara inayopokea wagonjwa wa saratani. Tulipoingia, tabibu, mzee wa miaka sitini hivi, aliomba kwanza jalada. Alisoma ripoti ya upasuaji niliyokuwa nimeitafsiri usiku kucha, akatazama picha za CT kwenye taa, akauliza ni lini dripu mpya inaanza na ni ya dawa gani. Baada ya hapo ndipo alipoweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, kulia na kushoto, akamwomba mama mdogo atoe ulimi, akauliza kuhusu usingizi, choo, jasho la usiku, ladha ya chakula, na ganzi ya miguuni ambayo dripu za mwanzo zilimwachia.

Mama mdogo alimkatiza. «Daktari, niambie ukweli, dawa yako itauondoa huu uvimbe?» Nilitafsiri, na jibu lilikuja bila kusita: uvimbe aachiwe daktari wa Dar es Salaam, kwa kuwa kuna dawa inayoujua; yeye anachotaka ni mgonjwa ale, alale, na aifikie dripu akiwa na nguvu. Mama mdogo alinigeukia akaniuliza, «Mwanangu, umetafsiri sawasawa?» Nilirudia. Akashusha pumzi ndefu, na nadhani ndani ya pumzi ile mlikuwa na huzuni na pia nafuu ya kuzungumziwa kama mtu mzima.

Nilimuuliza tabibu kama vitabu vyao vya kale vinautambua ugonjwa huu. Alinieleza kifungu cha Huangdi Neijing, kitabu cha takribani miaka 2,000 iliyopita, kinachosimulia uvimbe unaoanza ukubwa wa yai la kuku, ukakua kidogo kidogo mpaka mwanamke akaonekana kama mjamzito, huku siku zake za mwezi zikiendelea kama kawaida. Matabibu wengi wa leo husoma humo dalili za uvimbe wa ovari. Kifungu hicho kilinigusa, kwa sababu ndivyo mama mdogo alivyoanza. Tumbo lilijaa, akatibiwa gesi na vidonda vya tumbo kwa miezi, mpaka maji yalipojaa ndani na utrasaundi ikaonyesha kilichokuwapo. Wanawake wengi wenye saratani hii hugunduliwa ikiwa imeshasambaa tumboni, kwa kuwa dalili zake hufanana na za maradhi madogo. Jicho la watu wa kale lilikuwa kali. Lakini kuuona uvimbe na kuuponya ni mambo mawili, na tabibu mwenyewe hakudai kwamba kitabu hicho kina dawa yake.

Cheti alichoandika kilikuwa na vitu kumi. Msingi wake ulikuwa mchanganyiko wa zamani wa kuimarisha tumbo, uliokusanywa katika kitabu cha duka la dawa la serikali enzi ya wafalme wa Song: mzizi wa dangshen mahali pa ginseng, mzizi wa baizhu, uyoga wa fuling unaoota kwenye mizizi ya misonobari, na gancao, yaani mzizi mtamu wa susu. Juu yake aliongeza chenpi na banxia ya kuzuia kichefuchefu, huangqi ya kutia nguvu, na kunazi. Banxia mbichi ni sumu inayochoma koo, kwa hiyo nilifurahi kuona cheti kikitaja wazi kwamba itolewe iliyokwisha kutayarishwa kwa tangawizi. Vitu viwili vya mwisho vilikuwa baihuasheshecao na banzhilian, majani makavu yenye vishina vyembamba ambayo huandikwa pamoja kwa wagonjwa wa uvimbe, kwa nadharia ya kusafisha joto na sumu mwilini.

Dirisha la dawa ndilo lililonivutia kuliko yote. Ukuta mzima ni droo ndogo za mbao, kila moja ina majina matatu au manne, na mhudumu anafungua, anachota, anapima kwenye mizani, anagawa kwenye karatasi saba kwa siku saba. Mhudumu wa pili anakagua cheti upya kabla ya kufunga. Kwa ada ndogo wanakuchemshia wao, na baada ya saa chache unapewa vifuko vya nailoni vilivyofungwa bila hewa, viwili kwa siku, ambavyo unavitia kwenye maji ya moto kabla ya kunywa. Dozi ya siku moja iligharimu yuan 41. Ladha yake ni chungu yenye utamu wa mbali, na mama mdogo, ambaye amekunywa mwarobaini tangu utotoni, hakulalamika.

Sasa niseme ninachowalaumu. Nilipomuuliza tabibu ushahidi wa yale majani mawili, alijibu kwamba yanaua chembe za saratani maabara. Hilo ni kweli, na ndilo tatizo. Vitu vingi sana vya mimea huua chembe za saratani ya ovari vinapomwagwa juu yake ndani ya chombo cha kioo, zikiwamo zile za SKOV3 zinazotumiwa na maabara nyingi duniani, kwa sababu huko dawa haina tumbo la kupita, haina ini la kuivunja, na kipimo chake mtafiti hukipandisha apendavyo. Manjano ya jikoni kwetu nayo hufanya hivyo chomboni, lakini ukiyala, kiini chake kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno.

Ushahidi unaomhusu mgonjwa kama mama mdogo hutafutwa kwa wagonjwa wenyewe, na upo uliofanyika karibu sana na hapa. Watafiti wa Hong Kong waliwachukua wanawake 59 wenye saratani ya ovari waliokuwa wakipewa dripu, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mitishamba iliyoandikwa na matabibu wa jadi, wengine dawa bandia inayofanana nayo, na mgonjwa wala daktari wake wa saratani hakujua nani amepata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: ubora wa maisha kwa jumla haukutofautiana, ila palikuwa na dalili kwamba kinga ya mwili ilidumu vizuri kiasi kwa waliopewa mitishamba. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na haukukusudia kuonyesha kwamba uvimbe unapungua. Ninaueleza kwa kirefu kwa sababu ndio unaoonyesha ukubwa halisi wa kile ambacho mgonjwa anaweza kukitarajia kwa haki, nao ni mdogo kuliko yanayosemwa sokoni.

Lawama yangu ya pili ni kuhusu majina. Cheti chote kilikuwa kwa Kichina, na ilinibidi niombe mara tatu ndipo dirisha la dawa likachapisha majina ya kisayansi ya Kilatini. Kwa mgonjwa anayerudi kwa daktari wa nchi nyingine, karatasi hiyo ina thamani kuliko dawa zenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1990, katika kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels, mahali pa mmea wa Kichina wa fangji palitumiwa kwa makosa mwingine wenye jina linalofanana lakini wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani za njia ya mkojo, kwa kuwa asidi iliyomo katika mmea huo husababisha saratani. China yenyewe iliuondoa mmea mwingine wa jamii hiyo, guanmutong, mwaka 2003. Jina moja lililokosewa lilitosha.

Kwa mgonjwa wa saratani ya ovari hatari hiyo ni ya pekee. Kaboplatini hutolewa mwilini kwa njia ya figo, na dozi yake hukokotolewa kwa kuchukua kasi ya figo kuchuja damu, kuijumlisha na 25, kisha kuizidisha kwa kiwango cha dawa mwilini ambacho daktari anakusudia. Figo zikilegea kimyakimya kwa sababu ya mzizi fulani, dozi iliyokuwa sahihi wiki iliyopita inageuka kuwa kubwa mno, na uboho, unaotengeneza chembe za damu, ndio unaolipa. Tabibu wetu aliagiza vipimo vya figo na ini kabla ya kuandika chochote, na kwa hilo peke yake ningemsamehe foleni. Yule wa Qingping angetuuzia mwezi mzima wa vidonge bila kujua kama figo ziko hai.

Jioni moja tukiwa tumekaa Shamian, mama mdogo aliniuliza kwa uchungu kwa nini basi hospitali zinaidharau miti. Nikamwambia kwamba mti alikwisha kuupewa. Paklitakseli, mojawapo ya dawa mbili za dripu zake sita za kwanza, ilitolewa kwenye gome la mti wa Taxus brevifolia lililokusanywa magharibi mwa Marekani mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani ndio waliokipata kiini chake, na mwishoni mwa 1992 ikaidhinishwa Marekani kwa saratani hiyohiyo ya ovari. Na upo mti wa Kichina kabisa, xishu, mti wa furaha, wa kusini mwa nchi hii, ambao Wall na Wani walitoa kwake kamptotesini mwaka 1966. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa ikiwa karibu na hali yake ya asili, iliwachubua kibofu na kuwaumiza mno hata majaribio yakasimamishwa. Ilichukua miaka mingi kuibadilisha mpaka ikapatikana topotekani, iliyoidhinishwa mwaka 1996 kwa saratani ya ovari iliyorudi. Yeyote anayeuliza kama mimea ya China inaweza kuitibu saratani hii, jibu la kweli ni kwamba mmoja umeshaingia hospitalini, nao uliingia kwa kupitia maabara na mizani. Anayechemsha gome la xishu nyumbani anakunywa sumu ileile iliyosimamisha majaribio.

Mama mdogo alikunywa dawa ya hospitali kwa siku saba akiwa kwangu. Hamu ya kula ilirudi siku ya nne, ingawa siwezi kuapa kama ni baizhu au ni uji wa mchele na samaki niliokuwa nikimpikia. Ganzi ya miguu haikubadilika. Alisafiri na karatasi saba za dawa kavu za wiki ya pili pamoja na ile orodha ya majina ya Kilatini.

Duka la Qingping ninalipa nyota moja kati ya tano, na nyota hiyo ni ya chenpi. Idara ya hospitali ninaipa nne, nikiizuilia ya tano kwa foleni, kwa majina, na kwa majani mawili yaliyoandikwa bila ushahidi wa kutosha. Anayekwenda huko aende na jalada lake lote na mtu anayejua lugha, na asianze chochote ambacho daktari wake wa saratani hajakisoma.

Daktari wa Dar es Salaam aliisoma orodha mstari kwa mstari. Alikataza baihuasheshecao na banzhilian moja kwa moja, akasema vingine vingoje mpaka dripu ya kwanza ipite na vipimo vya figo virudi, na gancao isizidi ilivyoandikwa kwa kuwa hushusha potasiamu na kupandisha presha. Mama mdogo alinipigia usiku ule akiwa amezimwaga karatasi zote saba kwenye ungo, miwani puani, akiyatenga majani na vishina vyake kutoka kwenye mizizi kama anavyochambua mchele. Alisema mizizi na maganda ameyafunga upya, na majani ameyatupa.